Timu Isiyo na Wachezaji na Jezi Isiyosema Uongo



 

Leo napenda kuwasimulia habari za timu ya mpira wa miguu ambayo haina mchezaji hata mmoja, haina uwanja, na wala haijapata kufungwa goli. Ni timu tuliyoibuni madrasani kwetu hapa Kampala katika likizo ya Desemba iliyopita. Tulianza kwa nia ya kuwafundisha watoto, lakini mwisho wake mimi mwalimu ndiye niliyefundishwa. Funzo lenyewe nimeona nisilifiche, kwa sababu linahusu kila nyumba yenye mtoto anayependa mpira, na nyumba hizo ni nyingi.

Mambo yalianzia kwenye jezi. Wakati wa likizo watoto huja madrasa kila siku asubuhi, na wavulana wengi huvaa jezi chini ya kanzu. Kengele ya mapumziko ikilia, kanzu zinatundikwa dirishani na uwanja unajaa rangi za timu za Ulaya, nyingi zikiwa za mitumba kutoka Owino. Nami nilikuwa nikipita nikitabasamu, maana mchezo ni katika haki za mtoto, na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Sikuwa nikisoma kilichoandikwa vifuani mwao.

Siku moja akaja mama mmoja, muuza mboga, ameshika mkono wa mwanawe wa miaka 15. Ada ya muhula aliyompa mtoto ailete kwangu ilikuwa imekwisha kwenye duka la kubashiri mechi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, lakini mwenye duka hakumuuliza umri. Mama yule alikuwa akilia. Nilimuuliza kijana kama hajui kwamba kamari ni haramu. Akanijibu kwa upole, bila ujeuri wowote: "Ustadh, najua. Lakini imeandikwa kwenye jezi ya timu kubwa. Nilidhani kama ni uongo wasingeiandika kifuani."

Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Kumbe kwa mtoto, kifua cha jezi ni kama mimbari. Kinachosemwa pale anakipokea. Huko Uingereza kwenyewe, vilabu vya Ligi Kuu vilikubaliana mwaka 2023 kuyaondoa majina ya kampuni za kamari kwenye vifua vya jezi za mechi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Lakini jezi za mitumba hazisikilizi makubaliano. Zitaendelea kuvaliwa mitaani kwetu miaka mingi baada ya huko kuvuliwa.

Rai yangu ya kwanza ilikuwa kupiga marufuku jezi madrasani. Nilifanya hivyo kwa siku mbili tu. Watoto walinyamaza, na ukimya wa watoto si dalili ya utii daima. Siku ya tatu nikabadilisha njia. Nikawaambia: "Mnapenda jezi? Basi tubuni timu yetu wenyewe. Jina, nembo, rangi, na maneno ya kifuani. Sharti moja tu: kila kitu kitoke katika historia ya elimu, hasa elimu ya wanavyuoni wetu wa zamani." Nikanunua karatasi za manila na kalamu za rangi, na kazi ikaanza.

Kwanza tulitazama nembo za wengine zilikotoka. Watoto wengi ni mashabiki wa Arsenal, lakini hakuna aliyejua kwa nini kuna mzinga kwenye nembo. Niliwaeleza kwamba timu hiyo ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha kule Woolwich, London. Kisha tukarudi nyumbani. KCC, ambayo leo ni KCCA, ilianzishwa mwaka 1963 na watu wa baraza la jiji waliokuwa wakishughulikia usafi. Ndiyo maana wakaitwa vijana wa Kasasiro, yaani takataka kwa Kiganda. Hawakulionea haya jina hilo. Wakachukua vikombe wakiwa nalo. Nikawaambia watoto waliweke hilo moyoni: nembo nzuri haihitaji kujikweza, inahitaji kuwa kweli. Nilisema hivyo bila kujua kwamba maneno yangu yatanirudia wiki hiyo hiyo.

Kwenye jina hatukukawia sana. Nilikuwa nimewasimulia habari za Al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufariki Cairo karibu mwaka 1040. Wakubwa wa elimu wa Kiyunani kama Euclid na Ptolemy walishikilia kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kuvigusa vitu, na ndivyo tunavyoona. Ibn al-Haytham alionyesha kwamba nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu dogo la chumba chenye giza, akaona mianga yake ukutani ndani. Akiziba taa moja, mwanga wake peke yake ndio unaopotea. Basi akajua kwamba mianga hupita katika tundu moja bila kuchanganyika.

Nasi tulijaribu. Tulichukua katoni ya sabuni, tukatoboa tundu kwa sindano, tukabandika karatasi nyembamba upande wa pili, tukawasha mishumaa mitatu mbele yake na kufunga madirisha. Miali ikatokea kwenye karatasi imepinduka juu chini. Watoto walipiga takbira! Kitabu chake kikubwa kinaitwa Kitab al-Manadhir, na binti mmoja akasema mara moja: "Ustadh, si ndiyo mandhari hiyo?" Kweli, neno letu la Kiswahili na jina la kitabu kile ni ndugu wa mzizi mmoja. Timu ikaitwa Mandhari FC.

Kwenye nembo kukawa na ugomvi. Haytham kwa Kiarabu ni kinda la tai, kwa hiyo kundi moja likachora tai. Mashabiki wa Villa wakakataa katakata, kwa sababu tai ni wa Express, na wao jogoo wao hakubali. Nikapata njia ya kuwapatanisha: wanavyuoni wana maneno mengi kuhusu picha za viumbe vyenye roho, hasa juu ya nguo ambayo mtu huenda akaswali nayo, basi bora tuache tai na jogoo wote wawili. Wakachora sanduku jeusi lenye tundu katikati, na miali miwili ya njano inayopishana ndani ya tundu. Ukiitazama kwa mbali inafanana na wavu wa goli. Ni nembo nzuri, wallahi.

Yakabaki maneno ya kifuani. Watoto wakaandika kwa herufi kubwa za kijani: WALIOIPA DUNIA SIFURI. Kipa naye wakampa jezi namba 0, kwa kuwa kazi yake ni kuhakikisha wapinzani wanabaki na sifuri. Nikafurahi mno. Maneno yale yalikuwa yangu. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya darasa nikisema kwamba Waislamu ndio waliovumbua sifuri, na ushahidi wangu ulikuwa kwamba neno lenyewe ni la Kiarabu, sifr, yaani tupu.

Binti yule yule wa mandhari, ana miaka 13, akanyoosha mkono. "Ustadh, mwalimu wetu wa hesabu shuleni alisema sifuri ilitoka India. Sasa tumfuate nani?"

Darasa likanyamaza. Nakiri mbele yenu, ndugu zangu, kwamba jambo la kwanza lililonijia ulimini lilikuwa kumkemea. Mwalimu wa miaka zaidi ya 40, mwenye ndevu na kofia, anasahihishwa na mtoto mbele ya wenzake! Nilisema nitaangalia, nikafunga kipindi kabla ya wakati.

Wiki hiyo nilisoma, na nikamwendea rafiki yangu anayefundisha hesabu. Haya ndiyo niliyoyapata. Kanuni za kuihesabu sifuri kama namba ziliandikwa na Brahmagupta wa India mwaka 628, wakati Mtume (s.a.w.) yu hai Madina. Karibu miaka mia mbili baadaye ndipo Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, alipokuwa ameshaandika kitabu cha kueleza namna ya kuhesabu kwa tarakimu hizo, na kwa njia ya tafsiri yake ya Kilatini elimu hiyo ikaenea Ulaya. Kilichonigusa zaidi ni kwamba al-Khwarizmi mwenyewe hakujidai. Katika kitabu kile alizitaja kuwa ni namba za Wahindi. Mwenye heshima alirudisha haki kwa wenyewe karne kumi na mbili zilizopita, halafu mimi nikaja kumvika sifa ambayo yeye mwenyewe aliivua.

Jumamosi nikarudi darasani. Nikasema: "Niliwaambia jambo lisilo sahihi, na mwenzenu alikuwa sawa. Nisameheni." Mikono ilikuwa ikinitoka jasho. Nikawasimulia kwamba Imam Malik, pamoja na ukubwa wa elimu yake, aliulizwa maswali mengi na mengi kati yake akajibu kwamba hajui. Pia Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba yatosha mtu kuwa mwongo akiwa anasimulia kila analolisikia. Mimi nilikuwa nimesimulia.

Ikabidi tupitie kila kitu upya. Wasichana walikuwa wamependekeza jezi ya pili ya heshima ya "Mariam al-Asturlabi", mwanamke aliyetengeneza asturlabu, chombo cha kupimia nyota. Tulipochunguza tukakuta kwamba katika orodha ya Ibn al-Nadim ametajwa kwa ufupi sana: al-Ijliyya, binti wa al-Ijli, mtengeneza asturlabu aliyekuwa kwa Sayf al-Dawla, mtawala wa Halab katika karne ya 10. Jina Mariam halimo. Binti yule wa miaka 13 alihuzunika, kwa sababu lile lilikuwa wazo lake. Lakini akachukua ufutio mwenyewe, akafuta Mariam, akaandika al-Ijliyya. Nilimheshimu siku hiyo zaidi ya siku aliyonisahihisha.

Hata habari ya Ibn al-Haytham na mto Nile tuliipima. Inasimuliwa kwamba alidai anaweza kuyadhibiti mafuriko ya Nile, mtawala al-Hakim wa Misri akamwita, naye alipofika upande wa Aswan akaona haiwezekani, akarudi akakiri. Kisha kwa kumhofu mtawala akajifanya mwendawazimu hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Watoto waliipenda sana, maana maji hayo hayo huanza safari yake hapa kwetu Jinja, na mmoja akasema: "Angekuja huku angeona bwawa letu!" Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Lakini tukakumbuka kwamba habari hii tumeipata kwa Ibn al-Qifti, aliyeishi karne mbili baada yake. Basi tukaafikiana kuisimulia kwa neno "inasimuliwa", na kutoiweka kwenye jezi.

Hapo mvulana mmoja mdogo akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Ustadh, hawa wote ni wa mbali. Huku kwetu hakukuwa na wenye elimu?"

Nikawasimulia habari ya Bunyoro. Mwaka 1879 Mwingereza aitwaye Robert Felkin alikuwa Kahura, katika nchi ya Bunyoro, akashuhudia mganga wa kienyeji akimpasua mama mjamzito kumtoa mtoto. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, akapasua, akamtoa mtoto, kisha akalifunga jeraha kwa pini nyembamba za chuma na uzi uliotengenezwa kwa gome la mti, na kupaka dawa ya mizizi. Felkin alipoondoka siku kadhaa baadaye, mama na mtoto walikuwa salama. Akaiandika habari hiyo katika jarida la tiba la Edinburgh mwaka 1884. Wakati huo hata Ulaya upasuaji huo ulikuwa ukiua akina mama wengi.

Nyuma kabisa sauti ikauliza: "Pombe, Ustadh?" Wote wakacheka. Nikawajibu kwamba kuinywa ni haramu, hilo halina mjadala, na wanavyuoni wana maelezo yao kuhusu spiriti ya kuoshea vidonda hospitalini. Lakini tunachokichukua kwa mganga yule ni kwamba aliosha mikono kabla ya kupasua. Jina lake Felkin hakuliandika. Sisi tumempa rangi: jezi ya Mandhari FC ni ya kahawia inayoelekea wekundu, rangi ya lubugo, nguo ya gome la mti ambayo babu zetu hapa Buganda waliivaa. Namba mgongoni ni nyeupe, na chini ya kola kuna maandishi madogo: "Namba kutoka India, kupitia Baghdad." Kifuani yale maneno ya kijani yameondoka. Badala yake wameandika: THIBITISHA KWANZA, wakikumbuka amri iliyo katika Surat al-Hujurat ya kuichunguza habari kabla ya kuifuata.

Haikumpendeza kila mtu. Baada ya swala ya Ijumaa mzazi mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alinishika bega. "Ustadh," akasema, "kila siku tunaambiwa Waislamu hatuna elimu. Watoto wetu wanadharauliwa mashuleni. Wewe hata kale kadogo tulikonako unawanyang'anya?"

Sikumjibu haraka, kwa sababu uchungu wake ni wa kweli na mimi pia nimeuonja. Nikamwambia: "Mzee wangu, mtoto wako ataingia sekondari, kisha Makerere, in shaa Allah. Siku atakapogundua kwamba Ustadh alimdanganya kuhusu sifuri, atajiuliza alimdanganya kuhusu nini kingine. Kuhusu swala? Kuhusu akhera? Sifuri si kitu cha kuuzia imani ya mtoto." Akakaa kimya, kisha akasema atafikiri. Hatujamaliza mazungumzo yetu, lakini mtoto wake bado anakuja.

Na hapa ndipo penye kiini cha haya yote. Nilikasirika kwa kuwa kampuni ya kamari imeandika ahadi ya uongo kifuani mwa kijana, naye akaiamini kwa kuwa imeandikwa pale. Kisha mimi, kwa nia njema kabisa, nikakaribia kumwandikia uongo mwingine pahala pale pale, na yeye angeuamini kwa sababu hiyo hiyo. Nia njema haiugeuzi uongo kuwa kweli. Kinachowekwa kifuani ni ushahidi, na ushahidi tutaulizwa.

Mwisho tulichanga tukapata fedha za kuchapisha jezi moja. Tulikwenda Nasser Road na vijana wanne. Mchapishaji akaitazama nembo, akauliza timu hii inacheza ligi gani. Wakatazamana, mmoja akajibu: "Bado tunathibitisha." Jezi hiyo sasa imetundikwa kwenye ukuta wa nyuma wa darasa, mkabala na mahali ninaposimama. Kila nikitaka kusema jambo kubwa, naiona.

Wazazi wenzangu, nina mambo matatu ya kuwaomba. Kwanza, kabla ya kumnunulia mtoto jezi, isome kifuani, kisha izungumzeni pamoja. Pili, mtoto akikusahihisha kwa adabu na akawa na haki, kubali mbele ya ndugu zake. Heshima yako haitapungua, itaota mizizi. Tatu, wasimulieni watoto fahari za wanavyuoni wetu, kwani ni nyingi na za kweli. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa mwaka wa kimataifa wa nuru, na miaka elfu ya kazi ya Ibn al-Haytham ikakumbukwa duniani kote. Hatuhitaji kuiba sifa za Wahindi.

Najua mtaniuliza habari za yule kijana wa miaka 15. Sitawaambia kwamba ameacha kamari kabisa, kwa kuwa sina uthibitisho, na jezi yetu inanikataza. Ninachojua ni hiki: ada mama yake aliilipa kidogo kidogo, na kijana siku za Jumamosi humsaidia kubeba mboga sokoni. Na siku tulipogawana nafasi katika timu yetu isiyo na wachezaji, aliomba awe kipa. Anasema jezi namba 0 ndiyo pekee ambayo hajawahi kuona mtu akiiwekea dau.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata, na awalinde watoto wetu na kila kinachong'ara kisicho na nuru. Amin.